Vielelezo vya makavazi: Fedha za kuviingiza katika tarakilishi na kwenye ramani hutoka wapi?

KATIKA kabati za chuma za makavazi ya historia asilia, kila ndege aliyekaushwa, kila mdudu aliyedungwa pini na kila jani lililobandikwa kwenye karatasi huandamana na lebo ndogo. Juu yake huandikwa jina la kiumbe, mahali alipopatikana, tarehe na jina la aliyemkusanya. Ukiiondoa lebo hiyo, kinachosalia ni pambo. Ukiiacha mahali pake, una ushahidi kwamba siku fulani, kando ya mto fulani, mmea au mnyama huyo aliishi.

Ushahidi huo ni mwingi kuliko wengi wanavyodhani. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2023 katika jarida la Science, ambao ulihusisha makavazi 73 makubwa kutoka mataifa 28, ulikadiria kuwa taasisi hizo pekee zimehifadhi vielelezo bilioni 1.1. Ni asilimia 16 tu ya vielelezo hivyo iliyokuwa na rekodi zinazoweza kutafutwa kwa tarakilishi. Vilivyosalia vinajulikana tu na yule mhifadhi anayekumbuka droo ipi ina nini, na mhifadhi huyo hustaafu.

Ujuzi wa kuingiza lebo katika tarakilishi si mgeni barani Afrika. Hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya Pretoria, Afrika Kusini, ilianza kazi hiyo katika miaka ya 1970. Kinachokwamisha taasisi nyingi ni fedha, na zaidi ya fedha zenyewe, namna ya kuziomba.

Somo la Rio de Janeiro

Usiku wa Jumapili, Septemba 2, 2018, moto uliteketeza Makavazi ya Kitaifa ya Brazil mjini Rio de Janeiro, taasisi iliyokuwa ikiadhimisha miaka 200 tangu kuasisiwa kwake. Ilikuwa na vitu takriban milioni 20. Wachunguzi walibaini baadaye kuwa moto huo ulianzia kwenye kiyoyozi. Mkusanyiko mkubwa wa wadudu uliangamia, ilhali mimea iliyokaushwa ilinusurika kwa sababu ilihifadhiwa katika jengo tofauti.

Kilichowatia wengi uchungu ni kwamba mnamo Juni mwaka uo huo, benki ya maendeleo ya serikali, BNDES, ilikuwa imetia saini mkataba wa kutoa reali milioni 21.7 za ukarabati, zikiwemo gharama za vifaa vya kukabiliana na moto. Fedha hizo zilikuwa hazijafika. Miaka miwili awali, mnamo Aprili 2016, makavazi ya historia asilia ya New Delhi nayo yaliungua.

Rekodi ya tarakilishi haiwezi kumfufua mdudu aliyegeuka majivu. Haina chembechembe za mwili wake wala haiwezi kupimwa sumu. Hata hivyo, huhifadhi yale yaliyoandikwa kwenye lebo pamoja na sura ya kielelezo chenyewe, na hayo ndiyo watafiti wengi huyahitaji kwanza.

Kazi yenyewe

Mtu akisikia kuwa makavazi yanataka kuingia katika enzi ya dijitali, hufikiria kamera. Kamera ni sehemu nyepesi. Makavazi ya historia asilia ya Paris yalipiga picha zaidi ya milioni tano za mimea iliyokaushwa kati ya mwaka wa 2008 na 2012, karatasi zikipita mbele ya kamera kwenye mkanda unaosonga kama kiwandani. Bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, ilibuni skana iliyopinduliwa juu chini kwa sababu karatasi ya mmea mkavu ikigeuzwa, vipande huanguka. Kwa kifaa hicho, karatasi huinuliwa taratibu hadi kwenye kioo.

Kibarua huanza baada ya picha. Sharti mtu asome mwandiko wa mkono wa miaka mia moja iliyopita, aunakili, kisha mtaalamu athibitishe kuwa jina la kisayansi lililotumika wakati huo lingali linakubalika. Baada ya hapo mahali palipotajwa hutafutiwa latitudo na longitudo.

Hesabu ndogo inaonyesha ukubwa wa kazi. Tuseme mfanyakazi mmoja ananakili lebo 100 kwa siku, na anafanya kazi siku 220 kwa mwaka. Atamaliza lebo 22,000. Mkusanyiko wa vielelezo 700,000 utamchukua zaidi ya miaka 31, bila kugusa ramani hata kidogo. Ndiyo maana fungu kubwa la bajeti ya miradi hii huwa ni mishahara, na ndiyo maana ombi lililojaa bei za mashine huonekana na wakaguzi wazoefu kuwa limeandikwa na mtu ambaye hajawahi kuifanya kazi hiyo.

Fort Hall iko wapi?

Hifadhi ya Mimea ya Afrika Mashariki, iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, ina asili yake katika taasisi ya utafiti ambayo Wajerumani waliianzisha mwaka wa 1902 huko Amani, katika milima ya Usambara, Tanzania. Mkusanyiko huo ulihamishiwa Nairobi mwaka wa 1950. Makavazi yenyewe yalitokana na chama cha wapenzi wa historia asilia wa Afrika Mashariki na Uganda, kilichoanza kukusanya mwaka wa 1910. Kwa hivyo lebo nyingi ziliandikwa wakati ambapo ramani ya eneo hili haikufanana na ya leo.

Anayezisoma atakutana na Fort Hall, ambayo sasa ni Murang'a. Atakutana na Thomson's Falls, yaani Nyahururu, na Broderick Falls, yaani Webuye. Port Florence ni Kisumu. Ziwa Rudolf lilipewa jina la Turkana mwaka wa 1975. Hayo ni rahisi, maana yamo katika vitabu vya historia.

Ugumu hujitokeza pale ambapo mpaka wenyewe ulihama. Hadi mwaka wa 1902, maeneo ya Naivasha na Kisumu yalikuwa sehemu ya mkoa wa mashariki wa Uganda. Ndege aliyekusanywa Naivasha mwaka wa 1899 anaweza kuwa na lebo inayosema Uganda, na asiyejua historia atamtafuta upande wa pili wa Ziwa Victoria. Vivyo hivyo, eneo la Jubaland lilikuwa chini ya Waingereza hadi lilipokabidhiwa Italia mwaka wa 1925. Kielelezo cha Kismayu chenye neno Kenya kwenye lebo yake hakina kosa. Ni nchi iliyobadilika.

Mito nayo ina vituko vyake. Athi, Galana na Sabaki ni mto mmoja unaobadilisha jina kadiri unavyoteremka kuelekea baharini kaskazini mwa Malindi. Samaki watatu waliovuliwa katika mto huo, wakiandikwa kwa majina hayo matatu, wataonekana kwenye hifadhidata kana kwamba walitoka mito mitatu.

Kisha kuna maelezo kama vile "maili 10 kaskazini mwa Voi". Je, zilipimwa kwa barabara au kwa mstari ulionyooka? Kutoka stesheni ya reli au kutoka sokoni? Kaskazini kamili au upande wa kaskazini tu? Watafiti wa Marekani, wakiongozwa na John Wieczorek, walichapisha mwaka wa 2004 utaratibu ambao sasa unatumika kote duniani. Badala ya kuweka nukta moja na kujifanya kuwa na uhakika, mtafiti huweka nukta na kuizungushia duara. Nusu kipenyo cha duara hilo huonyesha ukubwa wa shaka. Lebo iliyoandikwa "Ukamba" itapata duara la makumi ya kilomita. Iliyoandikwa kwa vipimo vya setilaiti itapata duara la mita chache. Mwenye kutafiti mmea wa kilele kimoja cha mlima atalitupa duara kubwa; anayetafiti mvua za nchi nzima atalitumia.

Hata ramani ina mtego wake. Ramani nyingi za zamani za Kenya zilichorwa kwa kipimo cha msingi kiitwacho Arc 1960, ilhali vifaa vya setilaiti hutumia kingine. Ukichukua nambari za ramani ya zamani na kuziingiza moja kwa moja katika mfumo mpya, mahali husogea kwa mita 300 hivi. Kwa tembo si kitu. Kwa konokono wa msitu mdogo wa kaya huko pwani, mita 300 zinaweza kumtoa msituni na kumweka katika shamba la mahindi.

Kuna programu zisizolipishwa, mathalani GEOLocate iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Tulane, ambazo hupendekeza mahali. Programu za akili unde nazo sasa husoma mwandiko kwa ustadi unaoongezeka. Lakini kijito ambacho jina lake halimo katika ramani yoyote, au boma la mzungu aliyeuza shamba lake miaka ya 1950, hutambuliwa na mzee wa eneo hilo, au na daftari la mkusanyaji ikiwa lilihifadhiwa. Wazee hao hawataishi milele, na hili ndilo fungu la kazi ambalo haliwezi kuahirishwa kama upigaji picha unavyoweza kuahirishwa.

Wafadhili na wanachokitaka

Mfano unaofaa kuigwa ulianza Marekani mwaka wa 2001. Taasisi 17 za Amerika Kaskazini zenye mikusanyiko ya mamalia ziliungana chini ya mradi wa MaNIS na kupata ruzuku ya wakfu wa taifa wa sayansi wa nchi hiyo, NSF. Badala ya kila makavazi kuhangaika na vielelezo vyake vya kutoka kila pembe ya dunia, washirika waligawana dunia yenyewe. Taasisi moja ilichukua eneo moja na kutafuta mahali pa vielelezo vyote vya eneo hilo, vyake na vya wenzake. Anayeshughulikia jimbo moja hujifunza majina yake upesi, na jina lililotafutwa mara moja huhudumia makavazi yote. Ilifuata miradi ya HerpNET kwa nyoka, mijusi na vyura, na ORNIS kwa ndege, kisha yote ikaungana katika VertNet.

Mfadhili aliona faida bila kuelezwa sana: dola ileile iligusa vielelezo vya taasisi nyingi. Kuanzia mwaka wa 2011, NSF ilitenga dola milioni 100 kwa muda wa miaka 10 kwa mpango wa taifa wa kuingiza mikusanyiko katika tarakilishi, kituo chake kikiwa Chuo Kikuu cha Florida. Sharti mojawapo kuu la mpango huo lilikuwa kwamba waombaji waungane kwa swali la utafiti. Ombi la "tunataka kupiga picha vielelezo vyetu vyote" halikuwa na nafasi. Ombi la "tunataka kujua jinsi wadudu na mimea wanayoila walivyohama kadiri joto lilivyopanda" lilisikizwa, na vielelezo vikapigwa picha kwa njia hiyo.

Barani Afrika, wakfu wa Andrew W. Mellon wa New York ulifadhili katika miaka ya 2000 mradi wa mimea ya Afrika, ambao hifadhi ya Nairobi ilishiriki. Fedha zilielekezwa kwenye vielelezo-asili pekee, yaani vile ambavyo jina la kisayansi la kila mmea limejengwa juu yake. Ulikuwa uamuzi wa busara, kwani ni vichache na thamani yake haina ubishi. Kasoro ni kwamba picha hizo ziliwekwa katika huduma ya JSTOR, ambayo taasisi hulipia ili kuitumia kikamilifu.

Umoja wa Ulaya nao ulitoa euro milioni 3.9 kuanzia mwaka wa 2015 kwa mataifa ya Afrika, Karibiani na Pasifiki kupitia GBIF, mtandao wa kimataifa wa data ya viumbe ulioanzishwa mwaka wa 2001 na wenye makao yake Copenhagen, Denmark. Ukizigawanya fedha hizo kwa mataifa na miaka iliyohusika, kila mradi ulipata kidogo. Lakini masharti yalikuwa wazi: data ichapishwe ili yeyote aitumie, na ielezwe itamsaidia mtungaji sera yupi.

Uingereza ilifuata mkondo mwingine. Mwaka wa 2021, Makavazi ya Historia Asilia ya London, yenye vielelezo milioni 80, yalichapisha uchambuzi wa wanauchumi uliokadiria kuwa kuviingiza vyote katika tarakilishi kungeleta manufaa ya zaidi ya pauni bilioni 2 kwa miaka 30, katika kilimo, dawa, madini na udhibiti wa viumbe waharibifu. Mwaka wa 2024 kukatangazwa pauni milioni 155.6, za kutumiwa kwa miaka 10, kwa mpango wa kuunganisha mikusanyiko ya nchi nzima. Hazina ya serikali ilizungumziwa kwa lugha yake, ya faida na hasara.

Mifano ya manufaa hayo haikosi. Mwaka wa 1967, Derek Ratcliffe wa Uingereza alipima maganda ya mayai ya kipanga yaliyokusanywa miaka mingi na kuonyesha kuwa yalianza kuwa membamba baada ya dawa ya DDT kuanza kutumiwa. Ugonjwa wa ajabu wa mapafu ulipoua watu kusini magharibi mwa Marekani mwaka wa 1993, panya waliokuwa wamehifadhiwa katika makavazi ya New Mexico walithibitisha kuwa virusi vya hanta havikuwa vigeni. Vilikuwemo kwa miaka kabla ya kuonekana. Hakuna aliyewakusanya panya hao akifikiria virusi.

Baada ya ruzuku

Ruzuku hudumu miaka miwili au mitatu. Hifadhidata hutakiwa kudumu milele. Pengo kati ya mihula hiyo miwili limeua miradi mingi kuliko moto. Tovuti huzinduliwa kwa hotuba, kijana aliyeitengeneza anapata kazi kwingineko, ada ya kila mwaka hailipwi, na siku moja ukurasa haufunguki tena. Ndiyo maana ni afadhali rekodi zipelekwe mapema katika mtandao unaotunzwa na mataifa mengi, huku taasisi ikibaki na nakala yake, kuliko kujenga tovuti ya kupendeza inayotegemea mtu mmoja.

Wala utajiri si kinga. Mnamo Februari 2024, Chuo Kikuu cha Duke, mojawapo ya vyuo tajiri Marekani, kilitangaza kuwa kingefunga hifadhi yake ya mimea yenye vielelezo takriban 825,000, kikitaja gharama ya kuitunza.

Siri za makabati

Si kila kinachojulikana kinafaa kuwekwa hadharani. Mnamo Mei 2025, mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta iliwatoza faini ya Sh1 milioni kila mmoja watu wanne waliopatikana na maelfu ya chungu malkia waliokusudiwa kuuzwa ng'ambo kwa wafugaji wa wadudu. Mmea adimu unaofanana na mnazi mfupi wa vilima vya Maungu, Encephalartos kisambo, nao huwindwa na wauzaji wa mimea ya bustani. Kuuwekea mmea kama huo nukta sahihi kwenye ramani ya mtandao ni kumwelekeza mwizi. Taratibu zinazokubalika huruhusu mahali pa viumbe walio hatarini pafichwe au paonyeshwe kwa ukungu wa kilomita kadhaa, na mtafiti anayehitaji zaidi aombe. Mfadhili anayesisitiza kila kitu kiwe wazi hukubali hoja hiyo ikielezwa tangu mwanzo.

Swali la umiliki ni zito zaidi. Msafara wa Theodore Roosevelt wa mwaka wa 1909 na 1910, ambao nao ulichangiwa fedha na matajiri, Andrew Carnegie akiwa mmoja wao, ulipeleka katika taasisi ya Smithsonian vielelezo takriban 23,000, vingi vikiwa vya Kenya. Mkataba wa Nagoya unaohusu kugawana manufaa ya rasilimali za kijenetiki, ambao Kenya ni mwanachama, ulianza kutumika Oktoba 2014 na hauvirudishi vitu vilivyoondoka karne iliyopita. Hazina mpya ya Cali, iliyozinduliwa Februari 2025, inatarajiwa kukusanya michango ya hiari ya kampuni zinazofaidika na data ya vinasaba iliyo katika mifumo ya dijitali, angalau nusu yake ikikusudiwa jamii asilia na wenyeji. Haihusu lebo za makavazi moja kwa moja. Hata hivyo, taasisi yenye rekodi safi za mahali kila kielelezo kilipotoka itakuwa na la kusema siku ya kuamua manufaa yawaendee wenyeji gani.

Pa kuanzia bila fedha

Taasisi ndogo isiyo na ruzuku inaweza kuanza kwa orodha ya droo, wala si ya vielelezo: droo hii ina vipepeo wa familia fulani, takriban mia tatu, wengi wa Kakamega, wa miaka ya 1930. Orodha ya namna hiyo huandikwa kwa majuma machache na humwezesha mwombaji kutaja idadi, muda na gharama bila kubahatisha. Wakaguzi wa maombi huitafuta.

Hatua ya pili ni kuchukua yaliyokwisha kufanywa. GBIF ina rekodi zaidi ya bilioni 3, nyingi zikiwa za watazamaji ndege kuliko za vielelezo, na miongoni mwake zimo za vielelezo vya Kenya vilivyo Ulaya na Marekani. Hupakuliwa bila malipo. Baadhi ya nukta zake ziliwekwa na watu wasiowahi kufika Taita, wala kusikia kuwa Teita ya kwenye lebo ndiyo iyo hiyo. Mhifadhi wa Nairobi, Mombasa au Kisumu anayezipitia na kuzirekebisha hujenga kamusi ya majina ya mahali ambayo makavazi yote yenye vielelezo vya nchi hii yanaihitaji. Kamusi hiyo, ikiambatanishwa na ombi, humpa mfadhili wa kigeni sababu ya kuileta kazi hapa, na mishahara yake pamoja nayo.